Mapafu Mazima, Mvukuto Dhaifu: Jinsi Magonjwa ya Neva na Misuli Yanavyoiba Pumzi

Kijana wa miaka 16, ambaye amekuwa akitumia kiti cha magurudumu tangu akiwa na miaka 11, anaanza kuamka asubuhi akiwa na kichwa kizito kinachouma kwa saa moja au mbili kisha kinaacha chenyewe. Usiku humwita mama yake mara nne, mara tano, ili amgeuze ubavu. Chai ya asubuhi hataki hata kuiona. Darasani anasinzia, na uzito wake unapungua. Nyumbani wanadhani ni malaria, wanampima na malaria haionekani; wanadhani ni macho, ananunuliwa miwani; mwalimu wake anadhani mtoto amekata tamaa ya maisha. Hakuna anayefikiria kifua, kwa sababu kijana hakohoi, hatweti, wala hajawahi kulalamika kwamba pumzi inambana. Ilhali kinachomsumbua ni pumzi, na kinamsumbua kila usiku.

Ndivyo mambo yanavyoanza kwa wavulana wengi wenye ugonjwa wa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza protini iitwayo distrofini. Kwa sura zinazotofautiana kidogo, ndivyo yalivyo pia katika kundi zima la magonjwa ambayo madaktari huyaweka pamoja kwa jina la magonjwa ya neva na misuli. Ili kulielewa kundi hilo inatosha kuifuata njia inayopitiwa na amri ya kuinua mkono. Amri hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi kwenye seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, hupita katika neva, huvuka pengo dogo mno lililo kati ya neva na msuli, na mwisho huufikia msuli wenyewe, nao hujikunja. Njia hiyo yaweza kukatika popote. Polio huua seli zilizo ndani ya uti wa mgongo. Ugonjwa wa kurithi wa watoto unaojulikana kwa kifupi kama SMA huzidhoofisha seli hizo hizo. Na ugonjwa wa ALS, ambao huwapata zaidi watu wazima, huzimaliza pamoja na zile za ubongo zinazoziamrisha. Ugonjwa wa Guillain-Barré huishambulia neva. Miasthenia gravisi huizuia amri pale kwenye pengo, karibu na mahali ambapo sumu ya koboko na ya baadhi ya swila hufanyia kazi yake. Duchenne huuharibu msuli wenyewe. Magonjwa haya yana vyanzo tofauti, kasi tofauti na matibabu tofauti, lakini mengi kati yake hukutana katika jambo moja: yakiendelea, huifikia misuli inayovuta pumzi.

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Tumezoea kufikiri kwamba mtu mwenye shida ya kupumua ana mapafu mabovu, kama ilivyo kwa mwenye kifua kikuu, pumu au nimonia. Kwa wagonjwa ninaowazungumzia mapafu kwa kawaida ni mazima. Pafu halina nguvu ya kujivutia hewa lenyewe. Hewa huingia kwa sababu kiwambo, ule msuli mpana kama sahani iliyopinduliwa ambao vitabu vya shule huuita diaframu, hujikunja na kushuka, na misuli iliyo kati ya mbavu huupanua ukuta wa kifua. Aliyewahi kumtazama mhunzi akifanya kazi anaijua hali hii. Mvukuto unaweza kuwa na ngozi nzima isiyo na tundu hata moja, na njia ya hewa ikawa safi, lakini mkono wa anayevukuta ukichoka, moto unafifia. Kumtibu mgonjwa huyu kana kwamba ngozi ya mvukuto imetoboka, ilhali kilichochoka ni mkono, ndicho chanzo cha makosa mengi yanayofanyika kwa nia njema.

Kwa nini basi kijana yule hatweti? Kutweta ni sauti ya mwili unaodai hewa zaidi kuliko inayoingia, na mwili hudai hewa nyingi unapofanya kazi. Anayepanda ngazi hugundua udhaifu wa kifua chake akifika ngazi ya kumi. Anayeketi kutwa nzima kwenye kiti cha magurudumu hana ngazi ya kumpima. Mahitaji yake ya hewa ni madogo, na misuli iliyobaki inayatosheleza, mchana.

Usiku hesabu hubadilika. Mtu akilala chali, matumbo husukuma kiwambo kuelekea juu, na kiwambo dhaifu kinalazimika kusukumana nayo katika kila pumzi; ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huanza kuomba mto wa pili, kisha wa tatu, na wengine huishia kulala wameketi kitini. Ukimtazama mgonjwa wa namna hiyo akiwa amelala chali na fulana imepandishwa, utaona jambo ambalo halihitaji mashine yoyote kulitambua: anapovuta pumzi, tumbo linadidimia badala ya kuinuka. Kiwambo hakishuki tena. Kinavutwa juu na misuli ya shingo na ya mbavu inayofanya kazi kwa niaba yake. Kisha huja usingizi wa ndoto. Katika hatua hiyo ya usingizi mwili wa kila mwanadamu huzima karibu misuli yote ya mwendo, tusije tukainuka na kuzifuata ndoto zetu, na kazi ya kupumua huachiwa kiwambo, karibu peke yake. Kwa mwenye kiwambo imara hakuna kinachoharibika. Kwa mwenye kiwambo kilichochoka, wasaidizi wote wameondoka kwa wakati mmoja, na pumzi zinakuwa fupi mno kiasi kwamba hewa iliyotumika haitoki yote. Ubongo hushtuka na kumwamsha. Analala tena, ndoto inarudi, anaamshwa tena. Mama anayeitwa mara tano kumgeuza mtoto, mara nyingi, anaitwa na kifua.

Hewa iliyotumika inayobaki mwilini ni kabonidayoksaidi, na bila kuielewa hewa hii mambo mengine yote ya mada hii hubaki gizani. Katika damu ya ateri, mishipa inayosafirisha damu kutoka moyoni, ya mtu mzima mwenye afya kiwango chake hukaa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Pumzi zikiwa haba, kiwango hupanda. Mishipa ya damu ya ubongo hutanuka, na hapo ndipo kilipo chanzo cha kichwa kinachouma alfajiri na kuacha baada ya mtu kukaa na kupumua vizuri zaidi. Kwa kuwa kabonidayoksaidi huipa damu uchachu, figo hujitahidi kuupoza kwa kubakiza bikaboneti, kemikali yenye tabia ya magadi. Ni msaada wa kweli, lakini una gharama: usiku baada ya usiku, kituo cha ubongo kinachosimamia pumzi huizoea hali hiyo na kuacha kulalamika. Mgonjwa anaingia hatarini kidogo kidogo bila kengele kulia.

Historia ya tiba inalo tukio moja linaloonyesha jinsi kengele hiyo inavyoweza kuwapita hata mabingwa. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen nchini Denmark ulikumbwa na mlipuko mkali wa polio, na wagonjwa walipelekwa katika Hospitali ya Blegdam, iliyohudumia magonjwa ya kuambukiza. Msaada wa kupumua uliokuwepo ulikuwa pafu la chuma, lile pipa kubwa lililobuniwa na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw huko Boston mwaka 1928, ambalo mgonjwa hulala ndani yake kichwa kikiwa nje, huku hewa ya ndani ya pipa ikipunguzwa na kurudishwa ili kukivuta kifua chake. Hospitali nzima ilikuwa na pafu la chuma moja na vifaa sita vidogo zaidi vya kufunika kifua. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 waliopooza misuli ya koo na ya kupumua walitibiwa kwa vifaa hivyo; 27 walikufa. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba kiasi cha bikaboneti katika damu yao kilikuwa juu sana, na madaktari walidhani wameona kasoro fulani ya damu isiyoeleweka, kwamba damu imekuwa na magadi kupita kiasi.

Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alipoitwa na mkuu wa hospitali, H. C. A. Lassen, aliyatazama majibu yale yale na kuona kitu kingine. Bikaboneti ile ilikuwa kazi ya figo zinazopambana na kabonidayoksaidi iliyojaa. Wagonjwa hawakuwa na kasoro ya damu, walikuwa hawapewi hewa ya kutosha. Tarehe 27 Agosti aliletewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Alitobolewa koo, akawekewa mpira wenye kifuko cha kuziba pembeni ili hewa isivuje, na Ibsen akaanza kumsukumia hewa kwa kuuminya mfuko kwa mkono. Mwanzoni haikuwezekana, kwa kuwa mtoto alikuwa anapigana na kila pumzi. Ikabidi Ibsen ampe dawa ya usingizi, mwili ukalegea, na hewa ikaanza kuingia. Kabonidayoksaidi ikashuka. Aliporudishwa kwenye kifaa cha kifuani ikapanda, na aliposukumiwa tena kwa mkono ikashuka. Siku chache baadaye hospitali iliwaita wanafunzi wa udaktari, kisha wa udaktari wa meno, jumla yao wapatao 1,500 katika miezi iliyofuata, waketi kando ya vitanda kwa zamu, mchana na usiku, wakiminya mifuko. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu wagonjwa 9 katika kila 10, vilishuka hadi chini ya nusu. Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama mwanzo wa vyumba vya wagonjwa mahututi, na ndivyo lilivyokuwa, lakini kwangu mimi uzito wake uko kwenye ile karatasi ya maabara: namba zilikuwepo tangu mwanzo, na zilisomwa kinyume.

Kosa la kuzisoma kinyume halijaisha. Leo mgonjwa mwenye udhaifu wa misuli akifikishwa hospitali amechoka, hubanwa kidoleni kifaa cha kupima oksijeni, namba inasoma asilimia 88, na mara moja anawekewa mpira wa oksijeni puani. Namba inapanda hadi 97, kila mtu anapumua kwa unafuu, ndugu wanaambiwa hali imetulia. Saa chache baadaye mgonjwa anaonekana amelala fofofo, na haamshiki. Kilichotokea ni kwamba oksijeni iliongezwa bila pumzi kuongezeka. Chumba cha kupikia kikijaa moshi, kinachohitajika ni dirisha lifunguliwe, moshi utoke na hewa safi iingie. Kuleta hewa safi kwenye chupa huku dirisha limefungwa hakuondoi moshi. Kibaya zaidi, kwa mtu ambaye ubongo wake umeshaizoea kabonidayoksaidi nyingi, upungufu wa oksijeni huwa ni moja ya sauti za mwisho zinazomhimiza kuvuta pumzi, na oksijeni inayotolewa bila mashine ya kumsaidia kupumua inaweza kuinyamazisha. Kifaa cha kidoleni hakipimi kabonidayoksaidi. Namba nzuri kwa mtu anayepokea oksijeni haisemi lolote kuhusu moshi.

Simaanishi kwamba oksijeni ni sumu kwa wagonjwa hawa. Akiwa na nimonia anaihitaji kama mtu mwingine yeyote, lakini aipate pamoja na msaada wa kupumua, au kwa uangalifu huku kabonidayoksaidi ikipimwa kwenye damu. Swali la kwanza mbele ya namba iliyoshuka linapaswa kuwa: je, hewa inaingia na kutoka ya kutosha, na je, kuna makohozi yaliyoziba njia?

Msaada wenyewe, kwa walio wengi, huanzia kwenye barakoa na mashine ndogo inayotosha juu ya meza ya kando ya kitanda. Mashine hii husukuma hewa ya kawaida ya chumbani kwa mikandamizo miwili: mkubwa mgonjwa anapovuta pumzi, mdogo anapoitoa, na tofauti kati ya mikandamizo hiyo ndiyo kazi ambayo misuli imepunguziwa. Isichanganywe na mashine nyingine inayofanana nayo kwa umbo, ambayo hutoa mkandamizo mmoja usiobadilika na hutumiwa na watu ambao koo lao huziba wanapokoroma. Ile huizuia njia isifunge, haimvukutii mtu. Familia kadhaa hununua hiyo kwa sababu bei yake ni nafuu na muuzaji amewaambia kwamba zote ni za kupumulia, kisha wanashangaa mgonjwa haoni nafuu. Jambo jingine la kuuliza kabla ya kununua ni kama mashine inaweza kuwekewa idadi ya chini ya pumzi kwa dakika, kwa sababu mgonjwa aliyedhoofika sana anaweza kukosa hata nguvu ya kuishtua mashine ijue kwamba anataka kuvuta.

Usiku wa kwanza wa barakoa ni mgumu, na familia ziambiwe hivyo mapema. Hewa inagonga uso, mgonjwa anahisi kana kwamba anazamishwa, barakoa inavuja upande wa jicho, mikanda inakazwa kupita kiasi, na asubuhi kuna alama nyekundu juu ya daraja la pua ambayo isipotunzwa hugeuka kidonda. Wataalamu wenye subira huanza na mkandamizo mdogo, mchana, mgonjwa akiwa ameketi anatazama televisheni, kwa nusu saa. Huongeza muda na nguvu siku hadi siku, mpaka siku moja anasinzia nayo bila kukusudia. Tundu dogo lililo kwenye barakoa kwa ajili ya kutolea hewa iliyotumika lisizibwe kwa plasta na mtu anayedhani ni mahali panapovuja. Na mtu asiyeweza kuinua mkono kujivua barakoa mwenyewe asifunikwe pua na mdomo kwa pamoja kisha akaachwa peke yake, kwa sababu akitapika matapishi hayana pa kwenda isipokuwa mapafuni. Barakoa ya pua peke yake ni salama zaidi kwake, kama mdomo wake unafunga vizuri.

Faida yake imepimwa. Katika mji wa Newcastle nchini Uingereza watafiti walilinganisha vizazi vya wagonjwa wa Duchenne waliohudumiwa katika kituo kimoja: katika miaka ya 1960 wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 14.4, na kwa waliosaidiwa kupumua tangu 1990 ulikuwa miaka 25.3. Katika mji huo huo, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 liliwagawa wagonjwa 41 wa ALS kwa kura. Wale ambao misuli ya koo na mdomo ilikuwa bado na nguvu waliishi, wakisaidiwa na mashine, siku 205 zaidi kwa kipimo cha katikati kuliko wenzao wasioipata. Wale ambao koo lilikuwa limedhoofika sana hawakuongezewa muda, ingawa baadhi ya dalili zao zilipungua. Tofauti hiyo ni muhimu kuijua kabla ya kuamua, kwa sababu barakoa hufanya kazi vizuri pale ambapo koo bado linaweza kuyazuia mate yasiingie njia ya hewa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, husahaulika kuliko yote: kukohoa. Tunakohoa bila kufikiri, na kwa hiyo hatuoni kwamba kikohozi ni kazi ya misuli ya makundi matatu. Kwanza unavuta hewa nyingi, kisha unalifunga koo huku tumbo na mbavu vikikaza, kisha unalifungua ghafla na hewa inatoka kwa mlipuko. Asiyeweza kuvuta hewa nyingi hana cha kulipua. Mwenye tumbo dhaifu hana cha kulipulia. Mwenye koo lililolegea hawezi kuufunga mlango. Matokeo yake mafua ambayo mdogo wake anayamaliza kwa siku tatu humlaza yeye hospitali, kwa sababu makohozi hayatoki, sehemu ya pafu inaziba, na nimonia inaingia. Nguvu ya kikohozi inaweza kupimwa kwa kile kile kipimo cha kupuliza wanachopewa wagonjwa wa pumu: mgonjwa anakohoa ndani yake badala ya kupuliza. Kwa kijana au mtu mzima, chini ya lita 270 kwa dakika kikohozi kinaweza kushindwa siku ya mafua. Chini ya 160 hakisafishi njia hata siku ya kawaida.

Kuna mbinu isiyohitaji umeme. Inatumia mfuko wa kusukumia hewa, ule ambao wauguzi huuita ambu, uliofungwa vali inayoruhusu hewa kuingia tu. Mgonjwa anavuta pumzi, anaishikilia, anasukumiwa juu yake pumzi ya pili, na ya tatu, mpaka kifua kimejaa kuliko ambavyo misuli yake ingeweza kukijaza. Kisha anaambiwa akohoe, na wakati huo huo anayemhudumia anakandamiza tumbo kwa viganja viwili, chini kidogo ya mbavu, kwa msukumo mfupi kuelekea ndani na juu. Sauti inayotoka humshangaza mtu aliyezoea kusikia kikohozi chake kama pumzi ya kupoza chai. Mbinu hii hufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, haifanywi tumbo likiwa limejaa chakula, na ikifanywa kila siku huusaidia pia ukuta wa kifua usikakamae. Ipo pia mashine ya kukohozesha, inayosukuma hewa ndani na kuinyonya ghafla, mara nyingi kwa mkandamizo wa sentimita 40 za maji kwenda na 40 kurudi. Ni nzuri sana, na ni ghali sana.

Mpaka hapa nimezungumzia magonjwa yanayokwenda taratibu. Guillain-Barré na miasthenia gravisi zinaweza kukimbia. Mtu anaingia hospitali Jumatatu akitembea kwa kuyumba, Jumatano hawezi kumeza, na usiku wa Alhamisi anahitaji mashine. Karibu mgonjwa mmoja katika kila wanne wa Guillain-Barré hufikia hatua hiyo. Hapa kifaa cha kidoleni ni shahidi anayechelewa, kwa kuwa oksijeni hushuka wakati misuli imeshaishiwa. Kinachotakiwa ni kupima kiasi cha hewa anachoweza kupuliza, kila baada ya saa chache, na kikikaribia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake asiendelee kukaa wodi ya kawaida. Pasipo kipimo hicho, madaktari humwambia mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti mpaka iishe. Vitabu vingi huandika kwamba asiyefika 20 yumo hatarini. Ningependa kuongeza angalizo: kiwango hicho kimetoka kwenye lugha ambazo tarakimu zake ni fupi, na kwa Kiswahili mtu akishapita kumi kila hesabu inakuwa neno refu, kumi na saba, kumi na nane, kwa hiyo pumzi ile ile humfikisha kwenye namba ndogo zaidi. Njia ya haki ni kumlinganisha na yeye mwenyewe. Aliyehesabu hadi 24 asubuhi na jioni akaishia 13 anazidiwa, hata kama anatabasamu na kusema hajambo.

Kuna pia dawa ambazo kwa mgonjwa wa miasthenia zinaweza kuuzima msuli uliokuwa unajikongoja, nazo ni dawa za kila siku katika hospitali zetu: sindano ya gentamaisini, vidonge vya siprofloksasini, kwinini inayotolewa kwa malaria, na magnesiamu ambayo mama mjamzito hupewa kwa kifafa cha mimba. Miasthenia hupenda kuwapata wanawake vijana, kwa hiyo hili la mwisho si jambo la vitabuni tu. Kwa mtoto wa Duchenne hatari iko kwenye chumba cha upasuaji, ambako saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, na hata gesi za usingizi kama halotheni, zinaweza kuvunja misuli na kuusimamisha moyo. Dawa za kuleta usingizi na za maumivu makali, kwa wote hawa, zitolewe kwa kiasi kidogo na kwa uangalifu.

Ugonjwa ukiendelea, saa za mashine huongezeka. Usiku unageuka kuwa usiku na alasiri, kisha kutwa. Wapo wanaopumua mchana kwa mrija mdogo uliofungwa karibu na mdomo, mashine ikiwa imepakiwa nyuma ya kiti cha magurudumu, wakichukua pumzi kama mtu anayenyonya maji ya dafu, na katikati wanazungumza na kula. Wengine, hasa wenye koo dhaifu, hufikia uamuzi wa kutobolewa koo. Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa wa ALS mwaka 1963, alitobolewa koo mwaka 1985 baada ya nimonia kali, akapoteza sauti yake, na akaishi hadi 2018. Maisha yake yanatajwa mara kwa mara, na ni haki yatajwe, ila ugonjwa wake ulikwenda pole kuliko kawaida na alikuwa na wauguzi saa zote. Mpira wa kooni unahitaji kunyonywa makohozi mchana na usiku, na mikono ya kuifanya kazi hiyo kwa kawaida ni ya mama, dada au mke. Kwa hiyo kikao cha familia kifanyike mapema, mgonjwa akiwepo na akiwa bado anaweza kusema, na neno lake liwe la kwanza kusikilizwa: anataka kufika wapi na mashine, na nini hataki kabisa. Uamuzi huu ukiachwa hadi usiku wa dharura, atakayeamua ni mtu ambaye hajawahi kumwona.

Nyumbani, umeme ndio mtihani. Mashine iwe na betri, na betri ijulikane inadumu saa ngapi kwa kuipima, si kwa kusoma karatasi ya kiwandani, kwa sababu huchakaa. Chujio la hewa lioshwe au libadilishwe mara kwa mara, hasa kwenye vumbi la barabara ya udongo. Ambu ining'inizwe kwenye msumari kichwani mwa kitanda, pasiwekwe kitu kingine kwenye msumari huo, na kila mtu mzima wa nyumba aweze kuifikia na kuitumia taa zikiwa zimezimika.

Na katika mfuko wa kiti cha magurudumu pawe na karatasi moja iliyoandikwa na daktari wake na kuvishwa plastiki. Iseme jina la ugonjwa; iseme kwamba mapafu ni mazima na misuli ndiyo dhaifu; iseme asipewe oksijeni peke yake bila mashine yake na bila kabonidayoksaidi kupimwa; itaje dawa za kuepukwa, vipimo vya mashine vilivyowekwa, na kwamba asilazwe chali. Chini kabisa iwe namba ya simu ya mtu anayeijua mashine hiyo, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku atakayempokea huenda hajawahi kuiona, na atafurahi kuwa na wa kumuuliza.